Kuacha Kazi Uipendayo Si Usaliti



Limezuka jambo katika tawi letu hapa Kamembe, nasi tumeona si vizuri kulifungia ndani ya chumba cha mkutano. Linawahusu wachuma chai wa Shagasha na Gisakura, linawahusu wenzetu wa saruji na wa mpunga kule Bugarama, na linamhusu kila mtu anayekula kwa jasho lake.

Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua za Septemba, mwenzetu mmoja alisimama mbele ya mkutano wa tawi. Ni dada aliyekuwa mweka hazina wetu kwa miaka sita. Kabla hajasema neno, aliweka mezani daftari la hazina na ufunguo wa sanduku. Hesabu ilikuwa imefungwa, na faranga haikupungua hata moja. Kisha akatuambia kwamba ameandika barua ya kuacha kazi.

Kazi yenyewe haikuwa ya kiwandani wala ya shambani. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mtumishi wa shirika dogo la hisani hapa mjini, linalowasaidia akina mama wanaovuka mpaka wa Rusizi kila asubuhi kwenda Bukavu na beseni kichwani: sambaza, nyanya, mboga, unga. Yeye ndiye aliyewafundisha kusoma namba, kuandika daftari la mauzo, na kuweka akiba katika vikundi vile tunavyoviita ibimina. Wapo akina mama sokoni waliowapa watoto wao jina lake. Sasa alikuwa anaacha yote hayo, aende kuwa msimamizi wa mradi wa kupanda miti na kuchimba matuta kwenye vilima vya wilaya yetu.

Chumba kilinyamaza. Halafu maneno yakaanza. Mmoja akasema, "Kumbe na wewe unafuata mshahara tu." Mwingine akasema, "Miti haina njaa. Wenye njaa ni wale akina mama." Mzee mmoja wa kiwanda cha chai, mtu tunayemheshimu sana, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, usiache mbachao kwa msala upitao."

Na sisi viongozi wa tawi tulifanya nini? Tulitikisa vichwa kukubaliana nao. Tukapokea ufunguo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemwambia asante. Leo tunaandika kwa sababu tulikosea, na tunajua kwamba kosa hilo linafanywa katika matawi mengi.

KAZI YA HURUMA NAYO NI KAZI

Kwanza tuseme wazi: mtumishi wa shirika la hisani ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine. Ana mwajiri, ana saa za kuingia, ana mshahara wa kulisha watoto. Kwamba shirika halitafuti faida hakumfanyi yeye asiwe na tumbo.

Lakini wenzetu hawa wana mzigo mmoja ambao sisi wa viwandani hatuujui vizuri. Mchuma chai akidai nyongeza, huambiwa kwamba bei ya chai imeshuka mnadani Mombasa. Jibu hilo linaudhi, lakini unaweza kulijibu kwa hesabu. Mtumishi wa hisani akidai nyongeza, huambiwa, "Unataka kuchukua fedha za maskini?" Hapo atajibu nini? Ananyamaza, anaona haya, anarudi kazini.

Mwenzetu alitueleza mambo haya baadaye, tulipokwenda kwake kumwomba radhi. Mkataba wake ulikuwa wa mwaka mmoja mmoja, kwa kuwa fedha za wafadhili huja kwa mwaka. Kila Desemba alikuwa hajui kama Januari atakuwa na kazi. Mara mbili mshahara ulichelewa miezi miwili, wakaambiwa wavumilie kwa ajili ya akina mama. Walivumilia. Mpaka ulipofungwa mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa korona, na biashara ya beseni ikafa kwa siku moja, yeye aliwapigia akina mama simu kwa fedha yake mwenyewe, usiku na mchana, maana ofisi haikuwa na fungu la simu.

Je, alilalamika? La. Aliipenda kazi ile. Na hapa ndipo penye fundo la jambo hili. Mapenzi yake kwa kazi yaligeuzwa kuwa sehemu ya mshahara. Kila pengo katika mkataba lilizibwa kwa mapenzi yake. Pensheni ikipungua, mapenzi. Likizo isipotolewa, mapenzi. Sisi nasi, ambao kazi yetu ni kumtetea mfanyakazi, tukasimama upande ule ule tukamwambia: ukiondoka, huna mapenzi.

Ndugu zangu, mfanyakazi asiyeweza kuondoka si mfanyakazi huru. Haijalishi kama anayemzuia ni tajiri mwenye bakora au ni sauti inayomwambia kwamba maskini watakufa bila yeye.

KWA NINI MITI?

Tulimwuliza, "Basi kama ni kuondoka, kwa nini uende kwenye miti na udongo? Mbona hukutafuta kazi ya ofisini, na hesabu unaijua?"

Akatueleza habari ya mama mmoja aliyemfundisha. Mama huyo alikuwa mwanafunzi wake bora. Daftari lake la mauzo lilikuwa safi, akiba yake ilikuwa inakua, na kwa akiba hiyo alikodi shamba dogo mteremkoni alime mboga zake mwenyewe asinunue tena kwa mlanguzi. Ikaja mvua ya usiku mmoja. Asubuhi shamba halikuwepo. Udongo wote ulikuwa bondeni, na bonde lilikuwa limejaa matope mekundu. "Daftari lake lilikuwa sahihi," dada yetu alisema. "Kila hesabu niliyomfundisha ilikuwa sahihi. Lakini shamba lilikuwa limekwenda na mto. Nikaona kwamba kuna jambo linalokuja kabla ya hesabu."

Hatukuwa na la kumjibu, kwa sababu tunaishi kwenye vilima hivyo hivyo. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika nchi yetu, wengi wao katika Mkoa huu wa Magharibi. Waliokufa hawakuwa watu wenye majumba ya zege kwenye tambarare. Walikuwa watu wa mteremkoni, watu kama sisi.

Wako wanaosema kwamba mazingira ni mambo ya watalii na wazungu wanaokuja kutazama sokwe Nyungwe. Tuyatazame kwa macho ya mfanyakazi.

Mchuma chai wa Gisakura anafanya kazi ubavuni mwa msitu wa Nyungwe. Mvua, ukungu na ubaridi unaoifanya chai ichipue vinatoka msituni humo. Msitu ule una zaidi ya kilomita za mraba 1,000, na ndipo maji yanapogawana njia, mengine yakishuka kwenda Kongo, mengine yakienda Naili. Mwaka 1997 moto uliunguza sehemu kubwa ya msitu huo. Nyati wake wa mwisho waliuawa katika miaka ya 1970, na tembo wa mwisho anayejulikana aliuawa mwaka 1999. Mwaka 2004 msitu ukawa hifadhi ya taifa, na mwaka 2023 ukaingizwa katika orodha ya urithi wa dunia. Kila hatua hiyo ilikuwa na watu wanaolipwa kuifanya: walinzi, wafyekaji wa njia, wapanda miti, wahesabu wa wanyama. Watu hao ni wafanyakazi. Tena tangu mwaka 2017 asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi zetu hurudishwa kwa wananchi wanaozizunguka, badala ya asilimia 5 ya zamani. Msitu ukifa, fungu hilo nalo linakufa.

Twende Bugarama. Mto Rubyiro ukifurika kwa udongo unaoshuka kutoka vilimani, mpunga unazama na kibarua wa mpunga analala njaa. Na kiwanda cha saruji kilichoanza mwaka 1984 kinahitaji umeme. Umeme unatoka wapi? Sehemu yake inatoka katika mto wetu wa Rusizi, ambao mabwawa yake tunashirikiana na majirani. Bwawa la pili, la mwaka 1989, ni la nchi tatu, Rwanda, Burundi na Kongo. Mvua ikinyesha, chupa za plastiki na takataka kutoka miji ya kando ya ziwa huteremka hadi kwenye bwawa la kwanza na kuziba njia ya maji. Mafundi hulazimika kuzitoa kabla mitambo haijazidiwa. Mitambo ikisimama, mashine zetu husimama. Na mashine zikisimama, nani asiyejua ni nani wa kwanza kuambiwa arudi nyumbani bila ujira?

Basi mtu aliyeacha kufundisha hesabu akaenda kuzuia udongo usishuke hakuwaacha maskini. Amekwenda kuwangoja mahali pengine, pale shida yao inapoanzia.

WALIOTANGULIA

Dada yetu si wa kwanza kupita njia hii. Hapa hapa nchini kwetu yuko daktari wa mifugo, Olivier Nsengimana. Alikuwa akifanya kazi katika shirika la madaktari wanaotibu sokwe wa milimani. Ni kazi ambayo vijana wengi wangeitamani: ina heshima, inajulikana duniani, na ni ya kuokoa uhai. Lakini alimwona ndege ambaye hakuwa na daktari wala mtetezi, umusambi, korongo mwenye taji. Ndege hao walikuwa wakikamatwa mabwawani na kufugwa katika bustani za hoteli na za matajiri, mbawa zimekatwa. Mwaka 2014 Nsengimana alipata tuzo ya kimataifa ya Rolex kwa mpango wake wa kuwaokoa, na mwaka 2015 akaanzisha shirika la kuhifadhi wanyamapori wa Rwanda. Korongo zaidi ya 200 walitolewa kifungoni. Hesabu ya nchi nzima ya mwaka 2017 ilipata ndege 487. Ile ya mwaka 2022 ilipita 1,000. Je, aliwasaliti sokwe? Sokwe walibaki na madaktari wao. Korongo ndio waliokuwa hawana mtu. Na katika bwawa la Rugezi watu wa kijijini waliajiriwa kuwa walinzi wa ndege hao, wakapata ujira kutokana na kitu ambacho zamani kilikuwa cha kukamatwa tu.

Kenya wanamkumbuka Wangari Maathai. Mwaka 1977 alianza kazi ya kupanda miti chini ya Baraza la Taifa la Wanawake, huku akifundisha katika Chuo Kikuu cha Nairobi. Wote tunajua kwamba mwaka 2004 alipewa tuzo ya amani ya Nobel. Lakini iko sehemu moja ya maisha yake ambayo mfanyakazi yampasa kuisoma kwa makini. Mwaka 1982 aliacha kazi ya chuo kikuu ili agombee ubunge. Akazuiwa kugombea. Akarudi chuoni kuomba kazi yake, akaambiwa nafasi imekwisha kujazwa. Akatakiwa pia ahame nyumba ya chuo. Katika siku chache mwanamke yule, daktari wa elimu, hakuwa na kazi wala nyumba. Kazi ya miti ndiyo iliyompokea, na ikawa kazi yake ya maisha. Mwisho ulikuwa mwema, lakini mlango ulikuwa umefungwa nyuma yake kabla wa mbele haujafunguka. Si kila mmoja wetu angeweza kusimama hapo.

Na wale wanaodhani kwamba mazingira na chama cha wafanyakazi ni mambo mawili mbalimbali, tunawakumbusha Chico Mendes wa Brazil. Alikuwa mgema mpira na kiongozi wa chama cha wafanyakazi wa mashamba katika mji wa Xapuri. Aliutetea msitu kwa sababu msitu ndio uliokuwa mahali pa kazi pa wanachama wake. Wenye mifugo waliotaka kuufyeka walimwua tarehe 22 Desemba 1988. Yeye hakuhitaji kuchagua kati ya miti na wafanyakazi. Msitu ulipofyekwa, wagema waliondolewa pamoja na miti.

KUTOKA KWA HESHIMA

Sasa tuseme yanayomhusu yeyote kati yenu anayefikiria kuhama, awe wa kiwandani, wa shambani au wa shirika la hisani.

Kuondoka ni haki. Lakini kuna kuondoka na kuna kutoroka. Dada yetu aliondoka. Alitoa taarifa kwa barua. Sheria ya kazi namba 66 ya mwaka 2018 inasema kwamba mfanyakazi mwenye mkataba usio na kikomo hutoa taarifa ya siku zisizopungua 15 kama hajatimiza mwaka mmoja kazini, na siku zisizopungua 30 kama ametimiza mwaka au zaidi. Mwenye mkataba wa muda maalumu asome kwanza mkataba wake unasemaje. Yeye alitoa miezi miwili kwa hiari yake, apate kumfundisha atakayemfuata. Aliandika makabidhiano: kila kikundi cha akiba, jina la mwenyekiti wake, fedha zilizomo, deni lililobaki. Alikwenda sokoni akawaaga akina mama mmoja mmoja, wasije wakasikia habari zake kwa watu.

Mambo manne tunayasisitiza.

La kwanza, usiachie tawi moja kabla hujashika lingine. Ahadi ya mdomo haitoshi, hata kama anayekuahidi ni mtu mwema anayependa miti. Ngoja mkataba mpya uwe na sahihi. Habari ya Wangari mwaka 1982 itufundishe.

La pili, dai cheti chako cha kazi. Ni haki yako, wala si zawadi ya mwajiri. Miaka kumi na mmoja bila karatasi ni kama hukufanya kazi.

La tatu, hesabu likizo yako. Sheria inampa mfanyakazi siku 18 za kazi kwa kila mwaka kamili. Zile ambazo hukuzichukua ni zako, zilipwe unapoondoka.

La nne, fuatilia michango yako ya pensheni katika RSSB kabla hujatoka mlangoni. Januari 2025 mchango huo ulipandishwa kutoka asilimia 6 hadi asilimia 12 ya mshahara, nusu kwa mwajiri na nusu kwa mfanyakazi. Namba yako ya pensheni huhama nawe. Lakini mwezi ambao mwajiri hakuupeleka haukufuati popote. Dada yetu alikuta miezi saba imeruka. Alipouliza aliambiwa kwamba mwaka ule fedha zilikuwa za taabu. Shauri hilo bado tunalo mkononi.

Na hatufichi kwamba kuondoka kwake kuliacha pengo. Nafasi yake ilikaa wazi wiki tisa. Kijana aliyeajiriwa baadaye analipwa pungufu kuliko yeye alivyokuwa akilipwa, kwa kisingizio kwamba bado anajifunza. Kikundi kimoja cha akiba kilivunjika katika wiki zile. Hayo ni ya kweli, na yanauma. Lakini lawama ya pengo ni ya nani? Ni ya mtu mmoja aliyechoka kulibeba shirika zima kichwani, au ni ya waliokaa miaka kumi na mmoja bila kumwandaa wa pili? Kiwandani fundi mkuu akistaafu na mashine ikasimama, hatumlaumu fundi. Tunauliza kwa nini hakukuwa na mwanafunzi.

KAZI YA KIJANI ISIWE KAZI YA BURE

Tulidhani habari ingeishia hapo. Miezi minne baadaye dada yetu alirudi kwenye mkutano wa tawi, safari hii akiwa na swali.

Katika mradi ule mpya yeye ana mkataba mzuri. Lakini chini yake wako vibarua sitini hivi, wengi wao wanawake, wanaojaza udongo katika viriba vya kitalu, wanaobeba miche mgongoni hadi juu ya kilima, na wanaochimba matuta kwa jembe. "Sasa mimi ndiye ninayeita majina asubuhi," alisema. "Wapo waliofanya kazi miezi minane bila karatasi. Nilipouliza, mkuu wangu alisema kwamba hawa si wafanyakazi, ni wanufaika. Eti mradi unawasaidia."

Wanufaika! Tulisikia neno hilo tukatazamana. Mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anapanda kilima na jembe, anatoka jasho mpaka alasiri, kisha anaambiwa kwamba anasaidiwa. Tukimwita mnufaika hana likizo. Tukimwita mnufaika hana bima ya ajali. Akiumia mguu kwa jembe, mradi unampa pole na nafasi yake inapewa mwingine.

Hapo mtego tuliouona katika shirika la hisani umerudi kwa sura nyingine. Kule mtumishi aliambiwa afanye kwa ajili ya maskini. Huku kibarua anaambiwa afanye kwa ajili ya dunia. Maskini ni wa kweli na dunia ni ya kweli, lakini jina zuri la kazi halimlipii mtu mituweli.

Tumemjibu dada yetu kama ifuatavyo, na tunawajibu wote walio katika hali kama yake.

Sheria ile ile ya 2018 inasema kwamba mkataba wa kazi usioandikwa hauwezi kupita siku 90 mfululizo. Miezi minane ni siku ngapi? Kila mtoto aliyefika darasa la tatu anaweza kujibu. Wenye zamu mfululizo waandikiwe mikataba, waandikishwe RSSB. Wale wa siku chache chache waelezwe habari za akiba ya Ejo Heza, iliyoanzishwa mwaka 2018 kwa ajili ya watu wasio na mshahara wa mwezi, ila mradi usiitumie akiba hiyo kukwepa wajibu wake.

Ujira nao ujadiliwe mezani. Kima cha chini cha faranga 100 kwa siku, kilichowekwa zaidi ya miaka 40 iliyopita, hakinunui hata kilo ya viazi, na vyama vya wafanyakazi vimedai kwa miaka mingi kibadilishwe. Mtu asije akajisifu kwamba analipa zaidi ya kima hicho. Wangari na wenzake, waliokuwa na fedha haba sana, waliwalipa akina mama wa vijijini fedha kidogo kwa kila mche uliopona. Zingatieni neno hilo: uliopona. Malipo yalikwenda pamoja na matokeo, na aliyeotesha alijulikana kuwa ndiye mwenye kazi. Kama wao waliweza, wenye miradi ya magari makubwa hawana udhuru.

Na usalama pia. Wako wanaofikiri kwamba kazi ya mazingira ni kutembea msituni na kusikiliza ndege. Mwezi wa Aprili 2020, ng'ambo ya pili ya ziwa letu, walinzi 12 wa hifadhi ya Virunga waliuawa siku moja katika shambulio moja, pamoja na raia watano. Walikuwa na wake, waume na watoto kama sisi. Anayemtuma mtu kulinda msitu ampe viatu, ampe bima, na ajue familia yake itakula nini asiporudi.

Shirika la Kazi Duniani lilitoa mwaka 2015 miongozo kuhusu jinsi nchi zitakavyohamia katika uchumi unaotunza mazingira bila kumwumiza mfanyakazi. Jambo kubwa katika miongozo hiyo ni kwamba kazi mpya ziwe kazi za staha, na kwamba wafanyakazi waketi mezani wakati wa kupanga. Wasiitwe baadaye kupiga makofi. Hilo litatufikia sote. Kiwanda cha chai kitakapoacha kukausha majani kwa kuni za mikaratusi, mchoma kuni aende wapi? Tanuru la saruji litakapobadilishiwa nishati, fundi wa tanuru la zamani atafundishwa na nani? Maswali hayo tusiyangojee yatukute usingizini.

NENO LETU

Kwa wenzetu wa mashirika ya hisani tunasema: ipende kazi yako, na uwe na mkataba. Njoo chamani. Hakuna maskini atakayeibiwa chochote kwa sababu wewe umedai likizo yako.

Kwa anayetaka kuhamia kazi ya miti, ya maji, ya takataka au ya wanyama, tunasema: nenda. Nchi inakuhitaji huko. Toa taarifa, kabidhi vizuri, aga watu wako, na ukifika usiache kadi yako ya chama nyuma ya mlango.

Kwa waajiri wa kazi hizo mpya tunasema: tutashirikiana nanyi kupanda kila mti. Lakini yule anayeshika jembe mumwite kwa jina lake, nalo ni mfanyakazi.

Na kwa sisi wenyewe viongozi wa matawi tunasema: mwenzetu anapokuja kutuaga, tusimpokee kwa mashutumu. Tumwulize kwanza mambo matatu: mkataba wako mpya uko wapi, michango yako imekamilika, na tukusaidie nini?

Katika mkutano wa mwezi uliopita walikuja vibarua kumi na wanne wa kitalu, viatu vikiwa bado na udongo. Wamejaza fomu za uanachama. Mkuu wa mradi amekubali kuonana nasi, na majibu yake tutayaandika katika ukurasa huu huu, yawe mazuri au mabaya. Yule mzee wa kiwanda cha chai, aliyesema habari ya mbacha na msala, ndiye aliyesimama akatoa hoja moja kabla hatujafunga. Alisema sanduku la hazina limekaa miezi minne mikononi mwa mtu asiyejua kufunga hesabu, naye hapendi. Hoja ikapita bila kupingwa.

Ufunguo tumemrudishia mwenyewe.